Mjadala: Serikali ikatae kununua programu isiyosomeka kwa wasioona?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana mimi linanigusa kila siku.

Mimi sioni. Simu yangu ni ya kioo kama zenu, ila naitumia kwa masikio. Nimewasha TalkBack: nikipitisha kidole juu ya kioo, inanitajia kilichopo chini ya kidole, nikigonga mara mbili, kinafunguka. Kwa njia hiyo nasoma meseji, nanunua umeme, natuma hela nyumbani bila kumsumbua mtu. Benki yangu, ambayo sitaitaja, ilikuwa na programu inayosomeka vizuri tu. Mwezi uliopita wakaleta toleo jipya. Nikaifungua: "Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe. Kitufe." Hakuna chenye jina. Nikabahatisha kimoja, kikanitoa nje kabisa. Nilipofanikiwa kufika kwenye namba ya siri, nikakuta tarakimu zinabadilishwa mahali kila unapofungua, kwa ajili ya usalama, na kidole kikipita juu yake simu inanyamaza.

Niliishia kumwomba kijana wa duka la jirani anibonyezee. Nikamtajia namba yangu ya siri kwa sauti, huku watu wawili wamesimama nyuma yangu wakisubiri soda. Siku hiyo nilirudi nyumbani nimenyong'onyea, na nilichofanya kesho yake ni kwenda benki kwa miguu kubadili namba.

Sasa hoja yangu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 9 inataja wazi teknolojia ya habari na mawasiliano. Mwaka 2010 tukapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Karatasi tunazo. Ninachopendekeza si kuanza na faini wala kesi. Tuanze na pochi: serikali, halmashauri na mashirika ya umma yasinunue programu yoyote ambayo mtu asiyeona hawezi kuitumia mwenyewe. Iwe sharti la zabuni, na malipo ya mwisho yasitoke mpaka imejaribiwa.

Hili limewahi kufanya kazi. Enzi za DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, skrini ilionyesha herufi tupu, na programu ya kusoma skrini ilizichukua herufi hizo moja kwa moja na kuzitamka. Wasioona wengi waliajiriwa kwa sababu hiyo. Ikaja Windows yenye madirisha na picha. Kitufe kikawa mchoro, na mchoro hauna cha kutamkwa. Watu waliokuwa wakijitegemea kazini wakaanza kuogopa kuachishwa. Katikati ya miaka ya 1990 jimbo la Massachusetts kule Marekani likaionya Microsoft kwamba litaacha kununua Windows 95 ikiwa wafanyakazi wasioona hawawezi kuitumia. Jimbo moja tu, mteja mmoja. Kufikia 1997 Microsoft ilikuwa imetoa mfumo wa kuiwezesha programu kukitajia kisomaji skrini: hiki ni kitufe, jina lake ni hili, kimebonyezwa au bado.

Karibuni. Anayepinga naye aseme.

Fundi Msimbo

Mkuu, pole sana kwa yaliyokukuta. Ila mimi napinga, na naomba usinichukulie vibaya.

Natengeneza programu, tuko vijana watatu kwenye chumba kimoja. Zabuni ya serikali tayari inatudai usajili, cheti cha kodi, dhamana, uzoefu wa miaka kadhaa. Ukiongeza sharti hili, watakaoliweza ni makampuni makubwa ya nje yenye idara nzima ya majaribio. Sisi tutaishia kubaki watazamaji. Pili, mteja anayenilipa hajawahi kuniuliza habari za wasioona hata siku moja. Anauliza rangi, anauliza nembo ikae wapi, anauliza itakamilika lini. Muda wa ziada nitamdai nani?

Na menyu ya nyota na reli si bado ipo? Ile ni maandishi matupu, inasomeka. Kwa nini asiyeona asitumie ile?

Mleta mada

Ndugu yangu, asante kwa kuwa mkweli. Nianze na nyota na reli, kwa sababu naitumia karibu kila siku.

Menyu inakuja na mistari minane. Wewe unaitupia jicho mara moja, umeshaona "5. Lipa bili". Mimi nasubiri isomwe kuanzia moja. Ikifika ya tano naandika 5, inakuja nyingine ya mistari saba. Mara nyingi muda unakwisha kabla sijamaliza kusikiliza, inakatika, naanza upya. Na mtandao ukiwa mzito ndiyo basi. Huko hakuna taarifa ya miamala ya mwezi mzima, hakuna kupakua risiti. Huduma zinahamia kwenye programu, nasi tunaambiwa tubaki kwenye nyota na reli.

Gharama: kitufe cha kawaida kinahitaji mstari mmoja wa msimbo kukipa jina. Mmoja. Kinachouma ni kurudia kazi ambayo ilishakamilika, ndiyo maana nasema sharti liwepo kabla hujaandika mstari wa kwanza, ili ulihesabu kwenye bei yako. Hapo swali lako la "nitamdai nani" lina jibu: utamdai aliyeliweka kwenye zabuni.

Kuhusu udogo wenu, hapo una hoja nzito. Umoja wa Ulaya sheria yao ya kutaka huduma na vifaa vitumike na wenye ulemavu ilianza kutumika tarehe 28 Juni 2025, inagusa benki, maduka ya mtandaoni, mashine za tiketi. Lakini watoa huduma wadogo kabisa, wenye wafanyakazi wasiofika 10 na mapato ya mwaka yasiyozidi yuro milioni 2, wamesamehewa. Msamaha wa namna hiyo mimi siupingi kwa programu ndogo ndogo. Kwa programu inayoshika fedha au matibabu ya mtu, naupinga.

Mwanamvita

Hamjambo nyote. Mimi niko Mombasa, naona vyema, ila nimeingia humu kwa ajili ya mamangu. Mikono yake inatetemeka. Akitaka kugusa "Ghairi" anagusa "Tuma", kwa kuwa vitufe viwili vimebanwa pamoja kama dagaa. Juzi alituma pesa mara mbili kwa mtu mmoja, na mtu mwenyewe alikuwa mwema akarudisha. Mkizungumza kisomaji skrini pekee, mamangu hamjamfikia. Miongozo ya kimataifa ya WCAG, ya kuzifanya tovuti na programu zitumike na wenye ulemavu, toleo la 2.2 la mwaka 2023, imeweka hadi kipimo cha chini cha ukubwa wa kitu cha kuguswa. Na maandishi ya kijivu juu ya nyeupe, jamani! Miongozo hiyo hiyo yataka tofauti ya mwangaza ya 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake. Jaribuni kuyasoma hayo ya kijivu saa saba mchana, jua la Kongowea.

Huku kwetu Kenya, Katiba ya 2010 ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo, na tangu 2022 tunacho kiwango cha kitaifa, KS 2952, cha bidhaa na huduma za teknolojia zinazoweza kutumiwa na wenye ulemavu. Mleta mada naungana naye katika hili: kiwango kikikaa kabatini hakimfai mtu. Kinapoandikwa ndani ya karatasi za zabuni ndipo muuzaji anapokisoma.

Nukta Sita

Mimi nami sioni, nafundisha kompyuta wanafunzi wasioona. Nakupinga kidogo, ndugu mleta mada, tena kwa uchungu.

Ukiweka sharti, watatafuta muhuri. Kuna vikaguzi vya kompyuta vinavyopitia programu na kutoa alama. Kikaguzi kinaona kitufe kisicho na jina, kweli. Lakini kitufe kilichopewa jina "ikoni_2" kinapita, maana jina si lipo! Kisha kuna wanaouza kiraka cha kubandika juu ya tovuti wakidai kinarekebisha kila kitu chenyewe. Mwaka 2025 Tume ya Biashara ya Marekani iliitoza kampuni moja ya viraka hivyo, accessiBe, dola milioni 1 kwa madai yasiyo ya kweli. Hawa watafika kwetu na vyeti vyao, na afisa manunuzi atavipokea.

Halafu lugha. Wanafunzi wangu wanatumia NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini ya kompyuta iliyoanzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh. Sauti ya Kiswahili imo, ngumu kidogo kama ya mashine, lakini wameizoea. Programu ikiwa na majina ya Kiingereza ndani ya ukurasa wa Kiswahili, sauti hiyo inaisoma "Save" kwa herufi za kwetu: sa-ve. Juzi binti wa kidato cha pili aliniuliza, "Mwalimu, save ni nani?" Alidhani ni jina la mtu. Mtahini yeyote wa mashine angesema ukurasa ule hauna kosa.

Mleta mada

Mwalimu, nimekuelewa, na nabadilisha pendekezo langu. Kisiwepo cheti. Iwepo kazi. Mtu asiyeona akae mbele ya kamati na simu yake mwenyewe, apewe mambo matatu: ajisajili, alipe, apate risiti. Asisaidiwe na mtu. Mwenye mikono inayotetemeka naye afanye hayo hayo. Na walipwe kwa siku yao, kama mtaalamu mwingine yeyote anavyolipwa kwa ukaguzi.

Fundi Msimbo

Nimerudi. Jana usiku niliwasha TalkBack kwenye programu yetu ya kliniki, nikafunika kioo kwa kitambaa. Vitufe 11 havikuwa na majina. Nimevipa vyote kabla ya kulala, hapo nakubaliana nawe. Lakini kalenda ya kuchagua siku ya miadi imenishinda. Inasoma "14, 15, 16" bila mwezi, na ukiteleza inaruka wiki nzima. Ile kalenda sikuiandika mimi, nimeichukua ikiwa tayari kama wanavyofanya wengi. Kuiandika upya naona ni siku mbili au tatu. Kwa hiyo bado nasema: mkiweka sharti bila kuongeza muda wa mradi, sisi wadogo tutaumia, na vitu vya kuchukua vikiwa tayari ndivyo vyenye ugonjwa.

Mleta mada

Basi siku mbili hizo ziandikwe kwenye zabuni, zilipwe, na nitasimama nawe kuzidai. Kwa sasa ondoa hiyo kalenda, weka visanduku vitatu vya kuandika: siku, mwezi, mwaka. Mimi naandika tarehe haraka kuliko kuipapasa. Ukishaweka nitumie, kesho mchana nitakuwa na nafasi, nitaweka miadi kwenye kliniki yenu nikiwa nimekaa kwangu.