Slesi ya krambo ya matufaha inalowa chini na kuvunjika, nakosea wapi?

MamaWawili_Leicester
Habarini wapendwa, naomba msaada kabla sijatupa trei dirishani. Niko Leicester huku, na wanaoishi Uingereza mnajua ikifika Septemba Oktoba wenye miti ya matufaha wanaweka maboksi nje ya geti na kikaratasi cha chukua bure, sasa mzee jirani yangu hakutosheka na boksi kaniletea mfuko mpaka mlangoni, kama kilo sita hivi, yale makubwa ya kijani yasiyo na umbo wanaita Bramley. Nikang'ata moja, meno yote yakafa ganzi.

Shule ya mtoto wanauza vitafunwa Ijumaa ijayo kuchangisha hela, na mimi kwa kimbelembele changu nikanyoosha mkono kwamba nitaleta slesi za krambo, vipande 24. Krambo (yaani matunda yaliyofunikwa na chenga za unga, siagi na sukari yakaokwa) la bakuli la kula na kijiko na kastadi halinishindi, naliweza hata nikisinzia. Shida ni hii ya kukata vipande mtoto akashika na tishu akatembea nayo.

Nimejaribu mara mbili. Nilichukua unga ule wenye beking pauda ndani tayari, majarini laini ya kopo ya kupaka mkate, sukari, otsi (oats zile za uji), nikachanganya nikagandamiza nusu chini ya trei, juu nikapanga matufaha mabichi niliyoyakata nikamwagia sukari na mdalasini, nikafunika na chenga zilizobaki, oveni 180 dakika 40. Juu inatoka kahawia nzuri kama ya dukani, chini uji mtupu. Ukinyanyua kipande unabaki na kifuniko mkononi. Baba watoto kaonja akauliza huu ni ugali wa matufaha au. Sijamjibu mpaka leo.

Nakosea wapi jamani? Na nisiwekewe karanga wala korosho kwenye ushauri, shule hairuhusu kabisa.

BiOveni
Pole shoga. Adui yako ni maji, na umemfungulia milango mitatu.

Wa kwanza ni hayo matufaha mabichi. Bramley ni la kupika, si la kutafuna, lina uchachu mwingi na likipata moto haling'ang'anii umbo, linavimba linapasuka linakuwa rojo jeupe. Sasa wewe umelinyunyizia sukari likiwa bichi, sukari inavuta maji yote nje, na hayo maji yatakwenda wapi kama si kwenye unga wako mbichi wa chini? Juu panakauka kwa sababu hewa ya oveni inapita, chini hakuna pa kutokea.

Mlango wa pili ni majarini ya kopo. Zile laini za kupaka nyingi zina maji mengi kuliko siagi ya mche, soma nyuma ya kopo asilimia ya mafuta, ukikuta 60 au chini ya hapo ujue iliyobaki sehemu kubwa ni maji. Tumia siagi ya kipande, ya baridi kutoka friji, ukate vidonge ufikiche kwa ncha za vidole mpaka iwe chenga, usitumie kiganja maana kiganja kina joto kinaiyeyusha. Na unga uwe wa kawaida, huo wenye beking pauda unavimba unakuwa kama keki, na slesi inataka kuwa kama biskuti.

Mlango wa tatu, hukuoka kitako, yaani lile tabaka la chini, kwanza. Hapo ndipo wengi tunapojikwaa.

Mimi naoka hivi, trei ya sentimita 20 kwa 30. Unga gramu 300, otsi 100, sukari 125, siagi 200, chumvi nusu kijiko cha chai. Ukishapata chenga gawa mafungu matatu, mawili yanaenda chini. Tandika karatasi ya kuokea iache masikio yatoke pembeni ili baadaye unyanyue kitu chote kwa mkupuo mmoja. Gandamiza kwa kitako cha glasi, gandamiza kweli kweli kama unasakafia, kisha oka peke yake dakika 20 kwa 180, kama oveni yako ina feni weka 160. Kingo zikianza kupata rangi ya mchanga toa.

Huku nyuma matufaha yako kilo moja, ukishamenya na kutoa kokwa inabaki kama gramu 750 hivi, weka sufuriani na sukari gramu 100 na kijiko kimoja tu cha maji yasishike chini. Mwanzo funika, dakika kama tano yatalegea yenyewe, baada ya hapo FUNUA uachie mvuke utoke huku unakoroga. Utajua yameiva ukipitisha mwiko katikati na njia ikabaki wazi kidogo kabla haijajifunga. Kijiko kimoja cha konflawa kilichokorogwa na maji kidogo ya baridi kinaingia mwishoni, chemsha dakika moja, ipua, iache ipoe. Ya moto usiimwage.

Halafu unapaka juu ya kitako, unanyunyizia chenga zilizobaki bila kugandamiza, oveni tena dakika 35. Na hapa ndipo roho ya mtu inapojaribiwa, USIKATE. Iache ipoe hapo hapo kwenye trei, ikishapoa ingiza friji ilale. Ukata asubuhi kwa kisu kikubwa, unakandamiza kwenda chini badala ya kukereza kama mkate.

Nimesahau, ya kuokotwa chini huwa yana michubuko na wakati mwingine kadudu katikati, pasua kila moja uangalie kabla ya kutupia sufuriani.

JuuNaChini_Soni
Wakuu nimepita hapa kutokea Soni, Lushoto, nimesoma yote mate yananidondoka. Sisi hatuna hiyo otamu yenu (majira ya kabla ya baridi) ila plamu na mapeasi tunayo ya kumwaga, mwisho wa mwaka plamu zinapangwa barabarani kwenye ndoo mpaka zinaoza. Swali, naweza kutumia plamu? Na sina oveni, naoka keki kwa sufuria na mkaa, itakubali?

MvitaNaIliki
Mie nimeanza kucheka tangu kichwa cha habari, maana kwetu Mombasa ukisema tufaa mtu akili inaenda kwa lile jekundu laini la maji maji lenye mbegu moja, sasa nikawa najiuliza huyu dada kaoka matufaa vipi, si yatayeyuka yote! Kumbe ni epo. Haya, endeleeni kusema tufaha, nishaelewa.

Dada wa Leicester, wape mdalasini kidogo tu na utie iliki. Punje nne tano zitwange mwenyewe, ile ya unga ya paketi imeshapoteza harufu. Mdalasini kila mzazi ataleta, iliki watauliza kuna nini humu. Na kwa vile korosho haziruhusiwi, tia mbegu za alizeti kwenye chenga za juu zinatafunika vizuri, ila uliza shule kwanza na ufuta pia uuache, nao uko kwenye orodha ya vitu vinavyodhuru watu wenye mzio (aleji).

Kaka_Minnesota
Naomba nimpinge BiOveni kidogo kwa heshima zote. Kupika matufaha mpaka yawe rojo ni kuyaua. Mimi huku Minnesota natumia Honeycrisp, hili walilizalisha chuo kikuu cha hapa hapa, lina kishindo ukiling'ata, nalikata vidonge vidogo kama vya kachumbari nayaweka MABICHI na konflawa na naoka, vidonge vinabaki vidonge, unasikia tunda mdomoni. Rojo ni la watoto wachanga. Kitako kukioka kwanza hapo nakubali mia kwa mia. Oveni za huku ni Farenhaiti, 350.

BiOveni
Kaka yangu wewe unasema kweli na mimi nasema kweli, tofauti ni tunda. Honeycrisp ni la kula, linashikilia umbo. Chukua Bramley ulikate vidonge kama vya kachumbari uliweke bichi, dakika 20 vidonge vyote vimekuwa povu, hutaviona. Na yeye kapewa kilo sita za bure, hawezi kwenda kununua Honeycrisp aache mfuko mlangoni, mzee wa watu atajisikiaje.

Ila kuna njia ya katikati, robo tatu apike Bramley liwe rojo zito, robo achanganye tufaha la kula kama Cox au Braeburn vidonge vibichi, rojo linashika na vidonge vinatafunika. Mwenye Granny Smith atumie tu, hilo lina uchachu na halivunjiki haraka, nadhani hata supamaketi za Dar na Nairobi yapo.

Halafu kwa taarifa, hilo Bramley ni la huku huku kwetu Nottinghamshire nilipo. Mti wa kwanza uliota Southwell kwenye bustani ya binti aliyepanda mbegu mwaka 1809, Mary Ann Brailsford, lakini jina likaja kuchukuliwa la mchinjaji nyama aliyenunua nyumba ile baadaye, bwana Bramley. Binti kapanda, mchinjaji kapewa jina. Nikilimenya huwa nakumbuka hilo nakasirika kidogo.

@JuuNaChini_Soni plamu zinakubali sana, hata huku watu wanazioka hivyo hivyo mwezi wa nane wa tisa. Usizimenye, ganda ndilo lenye rangi na uchachu. Pasua toa kokwa, pika na sukari, lakini plamu ina maji kuliko tufaha kwa hiyo konflawa iwe vijiko viwili na uikaushe zaidi. Mapeasi ni matamu yamepooza, yaongezee ndimu. Habari za mkaa sizijui, atakayejua amjibu.

ShangaziWaMkaa
Najua mimi, nimeoka keki za harusi kwa mkaa kabla hamjazaliwa.

Mwanangu wa Soni, sufuria kubwa, weka mchanga mkavu chini kama vidole viwili, pasha na kifuniko dakika kumi na tano, ndani weka trei yako ndogo au sufuria isiyo na mikono. Kitako cha slesi kinataka moto wa CHINI, kwa hiyo raundi ya kwanza mkaa mwingi uwe chini na juu ya kifuniko vipande vitatu vinne tu. Ukishaweka plamu na chenga za juu unageuza, mkaa mwingi unapanda kwenye kifuniko na chini unapunguza, la sivyo kitako kitaungua wakati juu bado pamepauka. Usifunue funue. Pua itakwambia, harufu ya siagi ikigeuka kama ya biskuti hapo chungulia.

Kama siagi ni ghali huko Blue Band ya kawaida inafaa, ila iwe imeganda, na punguza chumvi maana yenyewe ina chumvi.

JuuNaChini_Soni
Shikamoo shangazi. Nimekopi yote kwenye daftari. Plamu zikiiva tu nawaletea majibu.

MvitaNaIliki
Kingine jamani, kama huna konflawa tumia unga wa kastadi, kwa asili yake ni konflawa yenye rangi na vanila. Na haina mayai, yule bwana Bird wa Birmingham aliitengeneza 1837 kwa sababu mkewe mayai yalikuwa yakimdhuru. Kwa hiyo dada hata mtoto asiyekula mayai atakula slesi yako, krambo lenyewe halina yai. Siagi na ngano ndio uwaandikie kwenye karatasi, na otsi pia.

MamaWawili_Leicester
Nimerudi wapendwa, jana Jumapili nimefanya jaribio la tatu.

Kwanza nimeungama majarini, kopo limeandikwa mafuta asilimia 59, BiOveni ulikuwa jikoni kwangu au? Nimenunua siagi. Kitako nimekioka dakika 20 zikawa hazitoshi nikaongeza tano maana oveni yangu ya nyumba ya kupanga inadanganya. Matufaha nimepika kwa ile njia ya katikati na iliki, nikashangaa kilo ya Bramley ilivyonywea, sufuria ilijaa mwisho ikabaki nusu. Nimekosea kitu kimoja, nilikuwa na haraka nikaongeza rojo zaidi ya kipimo nikidhani nyingi ndio tamu, upande mmoja umekuwa mnene na huo umelegea kidogo. Upande mwembamba umekatika kama tofali! Nikakishika kipande juu nikakitikisa mbele ya baba watoto, hakikudondoka hata chenga. Kala vitatu kimya kimya.

Sasa la mwisho, Ijumaa shule ni saa tatu asubuhi na Alhamisi natoka kazini usiku, nikioka Jumatano italowa? Naweza kuigandisha?

BiOveni
Igandishe tu. Oka Jumanne au Jumatano, ikipoa kata kabisa, panga vipande kwenye kontena na karatasi kati ya tabaka, friza. Alhamisi usiku ukirudi toa, vipange kwenye trei BILA kufunika na plastiki maana jasho litakurudisha kulekule kwenye uji. Asubuhi oveni dakika nane juu pakauke. Na rojo isizidi unene wa kidole, nilijua tu utaongeza.

Kaka_Minnesota
Vipande 24 kutoka trei ya 20 kwa 30 ni vya sentimita tano kwa tano, vidogo hivyo dada, watoto watagombana. Oka trei mbili.

MamaWawili_Leicester
Mbili tena! Haya, matufaha yapo, mzee kapita leo asubuhi kaacha mfuko mwingine.