Mnaopiga bati kuta zote za nje halafu mlango mnaacha wa mbao, MNATUUMIZA

Wakuu heshima kwenu, mods naomba huu uzi msiuunganishe na mwingine wowote maana leo sina utani.

Hivi nyie wa timu za Rust hapa Dar, huu mchezo wa kompyuta wa kujenga na kuvamiana, nani kawaambia besi (ngome yetu) inajengwa ili ipendeze ikionekana kwa mbali?? Juzi nimeenda kulala nimeacha chuma cha kutosha kwenye sanduku, madogo wamebaki onlaini, nikawaambia jamani anzeni na milango na chumba cha kabati (lile linalowekwa vifaa vya kuitunza besi isioze), huko nje tutamalizia. Asubuhi kabla sijapanda daladala naingia kucheki nakuta wamezungusha bati nje yote mpaka ghorofani, imependeza kweli sikatai, ila mlango wa kuingilia WA MBAO. Wa mbao wakuu! Ukuta mmoja wa bati umekula chuma 200 wakati mlango wa bati ni chuma 150 tu, sasa mlishindwa nini? Mvamizi anahitaji satcheli (mabomu ya begi) 23 kuutoboa huo ukuta wenu, mlango wa mbao satcheli 2 kwisha habari, na kama hana hata hizo anauchoma moto anakaa pembeni anasubiri. Ni kama zile nyumba ukuta una seng'enge juu halafu geti limefungwa na waya.

Si ndo kilichotokea mchana. Nimerudi jioni foleni imenichosha, nakuta masanduku meupeeee.

Halafu kuna hili la kugeuza ukuta. Chumba cha luti (mali zetu) kilikuwa cha mawe, sawa, lakini ule upande laini wa ukuta, ulio dhaifu, umetazama nje, mtu na sururu yake tu anaula taratibu bila hata kupoteza bomu. Unapouweka ukuta hakikisha umekaa vizuri, nyundo unayo mkononi, ugeuze kabla hujaupandisha kuwa wa mawe au bati, kigumu nini hapo?

Na kabati nalo lilikuwa na kuni tu ndani. Besi ya mawe na bati inataka mawe na chuma kwenye kabati, hizo kuni haziisaidii, ukuta wa mawe usipolipiwa masaa 5 umeoza wote. Watu wanapiga mabati kila kona halafu chuma cha kulipia hakuna, anaulizwa anajibu "nilijua utaweka wewe bro". Bro wa nani??

Alhamisi ya kwanza ya mwezi seva inafutwa tunaanza upya. Namba ya kufuli sitoi mpaka nione mtu kabeba mlango wa bati mkononi. Na wewe wa Tabata usinipigie simu.