Ukoo wa Ngonyani (Songea na Dar)

*Baba Mdogo:* Hamjambo wanangu. Jana usiku nimeiangalia Zulu, ile filamu ya 1964. Miaka yote naisikia tu midomoni mwa watu.

*Neema:* Shikamoo baba mdogo. Ile ya Wazungu wachache wamezingirwa?

*Baba Mdogo:* Marahaba. Hiyo hiyo. Rorke's Drift, Afrika Kusini, Januari 1879. Waingereza kama 150 kwenye kituo cha misheni, Wazulu zaidi ya 3,000. Kilichonikuna ni kwamba jeshi huanzi kuliona, unaanza kulisikia. Ngao zinagongwa huko nyuma ya vilima, Wazungu wanadhani treni. Kamera imekaa kwenye nyuso zao tu, jasho linawatoka. Halafu kilima chote kinaota watu. Vinyweleo vilinisimama.

*Kelvin:* 🔥🔥 Na ukuta wa magunia ya mahindi na maboksi ya biskuti

*Shangazi Tina:* Magunia ya mahindi?? Kwa bei ya sasa mie ningejisalimisha 😂

*Kelvin:* Kweli shangazi, si uongo wa sinema. Ndivyo walivyojikinga.

*Neema:* Mie naomba nipinge. Waingereza kila mtu ana jina na visa vyake, mara mgonjwa, mara mlevi. Mzulu anafia ukutani, jina lake huambiwi. Na siku hiyohiyo kule Isandlwana Wazulu waliliangamiza jeshi la Waingereza, watu zaidi ya 1,300 walikufa. Filamu inaipa barua ya mwanzoni na maiti basi.

*Baba Mdogo:* Hapo umenena. Wala haisemi nani kamfuata nani nyumbani kwake. Desemba 1878 Bartle Frere, mkuu wa Waingereza huko kusini, alimpelekea Cetshwayo, mfalme wa Wazulu, masharti ya kuvunja jeshi lake, akijua hawezi kukubali. Januari Waingereza wakavuka mto kuingia nchi ya Wazulu. Cetshwayo mwenyewe aliwakataza watu wake wasiingie Natal, koloni la Waingereza ng'ambo ya mto. Dabulamanzi, nduguye kwa baba, ndiye aliyekwenda Rorke's Drift.

*Baba Mdogo:* Ila huyo anayeigiza Cetshwayo mmemjua? Mangosuthu Buthelezi! Yule wa chama cha Inkatha, Afrika Kusini. Cetshwayo ni babu wa mama yake.

*Shangazi Tina:* Weee

*Neema:* Na kwa sheria za makaburu, Waafrika wengi wa huko hawakuruhusiwa kuiona. Wameicheza, kuiona hawaruhusiwi.

*Shangazi Tina:* Hivi hao Wazulu si ndio tulikotoka sisi?

*Baba Mkubwa:* Tina, wazee wetu Wangoni waliondoka zama za Shaka. Zwangendaba, kiongozi wao, alivuka Zambezi 1835. Vita hiyo sisi tuko huku zamani.

*Kelvin:* Shikamoo baba mkubwa. Lakini ile mbinu ya pembe za ng'ombe, kifua mbele na pembe mbili zinazunguka, si Wangoni walikuja nayo? Kuna Kaburu mle ndani anawaeleza Waingereza.

*Baba Mkubwa:* Marahaba. Hiyo ndiyo.

*Neema:* Kelvin umeona mwisho, Wazulu wanawaimbia Waingereza kuwasifu? Haikutokea. Kilichotokea ni majeruhi wa Kizulu kuuawa baada ya vita. Na yule askari Hook waliyemfanya mlevi, mwenyewe pombe alikuwa hagusi.

*Baba Mdogo:* Mwanangu hayo yote nakubali. Lakini pale Wazulu wanaimba, na Wawelishi, wale askari wa kutoka Wales, nao wanajibu kwa wimbo wao, hakuna sinema ya vita iliyonishika vile. Halafu vita ikiisha hakuna anayeshangilia. Yule luteni wa Michael Caine anasema anajisikia aibu. Waingereza 11 walipewa Msalaba wa Victoria, nishani yao kubwa kabisa ya ushujaa, na filamu bado inamwacha afisa wake aone aibu. Mwaka 1964 hilo si dogo.

*Neema:* Hapo kwenye aibu nakupa 👏🏾 Lakini Isandlwana nayo wangeipa saa mbili zake.

*Kelvin:* Ipo, Zulu Dawn ya 1979. Ninayo kwenye flashi.

*Baba Mkubwa:* Ilete Jumapili. Tutaangalia kwangu.

*Shangazi Tina:* Na waliobakiza mchango wa kipaimara waje nao hiyo Jumapili. Kelvin nakuangalia wewe.