Yufoniamu ya jina geni: mjumbe akague nini kabla ya kulipa?

Mpulizaji_Shangani
Wakuu, habari za majukumu. Bendi ya parokia hapa Mtwara ina kornet nne, tromboni mbili na tuba moja, katikati pamepwaya. Hela za korosho zimeingia, watu wamechanga, na tumepata yufoniamu mpya (ala ya shaba kama tuba ndogo) Kariakoo: valvu nne, yaani vitufe vya kubadili sauti (tatu juu, moja ubavuni), rangi ya fedha. Jina lililochorwa kwenye mdomo wa ala (upande mpana unaotoa sauti) hakuna anayelijua. Muuzaji anasema imetengenezwa China kwa muundo wa Besson (chapa ya ala za shaba) na ni "kompensetingi", yaani ina mfumo wa kusahihisha sauti za chini. Bei haifiki nusu ya Yamaha mpya ya aina hiyo.

Mjumbe wetu ni mpiga tromboni, atakuwa dukani saa moja tu kisha ana basi. Akague nini, na akiona nini aache hela mfukoni? Nawasilisha.

FundiPistoni
Mkuu, jina lisikuumize kichwa. Kiwanda kama Jinbao cha Tianjin hutengeneza ala zikauzwa kwa majina ya wafanyabiashara mbalimbali. Wessex wa Uingereza nao ala zao hutengenezwa China, ila hukaguliwa kabla ya kumfikia mnunuzi. Hiyo ya Kariakoo mkaguzi ni mjumbe wako. Na akishaijaribu moja, anunue hiyohiyo. Apige picha namba yake, asikubali kuletewa "mpya kabisa" kutoka stoo, maana mbili za jina moja zinaweza kutofautiana sana.

Aanze na valvu, ndiko hela ilikolala. Afungue pistoni zote (vyuma vinavyopanda na kushuka ndani ya valvu), afute mafuta kwa kitambaa safi. Mafuta mazito huficha uvujaji, na muuzaji mjanja analijua hilo. Kitambaa kikitoka na tope jeusi lenye chembechembe, huo ni unga wa kusugulia ulioachwa kiwandani. Si sababu ya kuikataa, ila ioshwe yote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya kuanza kuipiga, la sivyo unga huo utaendelea kula pistoni. Kisha atie mafuta mepesi ya valvu na abonyeze kila pistoni, kwanza wima, halafu kidole kikiwa pembeni kidogo. Ikikwama ya pembeni tu, huo ni ugumu wa upya. Ikikwama hata ya wima baada ya kufutwa, ganda lake (mrija unaoizunguka) limebonyea au limepinda wakati wa kulehemu. Hapo aondoke.

Jaribio la kuvuja: slaidi (mrija wa kuvuta) ya valvu ya kwanza iwe na grisi, aivute kama sentimita 3 bila kugusa valvu, ahesabu hadi tano, ndipo abonyeze. Hewa iliyonyonywa itoe "pop" inayosikika. Arudie kwa ya pili, ya tatu na ya nne. Valvu ikikaa kimya, pistoni ni nyembamba kwa ganda lake au slaidi inapitisha hewa. Kwenye ala mpya hakuna udhuru wa hilo.

Slaidi zote zitoke kwa mkono. Inayotoka kwa kuvutana ujue mirija yake miwili hailingani, na mkiilazimisha mtang'oa viungo. Kizibo cha tundu la mate akibonyeze kwa kidole huku anapuliza. Sauti ikibadilika, kinavuja, lakini hicho ni cha kubadilisha kwa senti chache.

Besi_ya_Masasi
Niongeze kwenye "kompensetingi", neno hilo linauzwa sana. Ni mfumo wa Blaikley wa Boosey, watengenezaji ala wa London, 1874: ukibonyeza ya nne, hewa hurudi kupita valvu tatu za juu mara ya pili kupitia vimirija vidogo vya nyongeza. Kwa hiyo ageuze ala aangalie nyuma ya valvu. Hakuna vimirija? Si kompensetingi, hata kama valvu ya nne iko ubavuni.

Athibitishe kwa sauti. Ichukulieni do kuwa sauti ya wazi, bila kubonyeza kitu. Kutoka do ya chini abonyeze zote nne: ya kweli hushuka hadi nusu toni juu ya do ya chini kabisa. Isiyo ya kweli hukwama juu kidogo ya re.

Ila kwa maoni yangu, kama mnapiga nyimbo za ibada na maandamano tu, huko chini mtafika mara ngapi? Kompensetingi ina matundu mengi zaidi kwenye pistoni, kazi mbaya ya kiwanda huonekana maradufu. Valvu nne za kawaida zilizotengenezwa vizuri, mfano Yamaha YEP-321 iliyotumika, naichagua mbele ya kompensetingi inayovuja.

Mpulizaji_Shangani
Asanteni sana. Tuna kinanda cha umeme kanisani, na tromboni zetu zina vipulizio (vipande vya kuwekea midomo) viwili vya akiba. Vitaingia?

Kinanda_Lindi
Kinanda hakishuki wala hakipandi, kwa hiyo hapo ndipo pa kuwa wakali. Joto hupandisha sauti ya ala za shaba, takriban senti 3 kwa kila nyuzi moja ya hewa ya ndani (senti 100 ni nusu toni). Pumzi yenyewe ina joto lake, hivyo ala haifuati hali ya hewa yote, lakini mchana wa Mtwara au Lindi utaona tofauti. Slaidi kuu (ya kurekebishia sauti ya ala nzima) ikivutwa sentimita 1, sauti hushuka kama senti 12. Mjumbe apashe ala dakika kumi, aweke programu ya kupimia sauti kwenye 440 (kipimo cha kawaida cha sauti), apime do ya kati. Nataka ikae sawa slaidi ikiwa imevutwa sentimita 1 hadi 3. Imeingia yote na bado iko chini? Acheni. Imevutwa karibu kutoka na bado iko juu? Acheni pia, kwa joto letu mtakosa pa kuivutia.

Halafu apande bila kubonyeza: do, mi, so. Mi hiyo ya juu hukaa chini kidogo na so hupanda, hata kwenye yufoniamu za bei kali. So ikizidi kwa senti 10 au 20 mpigaji ataivuta kwa midomo. Ikizidi 30, kijana wenu atapigana nayo kila Jumapili.

Vipulizio: vya tromboni za kawaida huwa na shina (sehemu inayoingia kwenye ala) jembamba, kama milimita 11 kwenye ncha. Kompensetingi nyingi za leo huchukua shina nene, kama 12.7, na zipo za katikati karibu 11.9. Shina jembamba kwenye tundu nene litazama ndani na kuchezacheza, na sauti zote zitayumba. Mjumbe abebe kimoja cha kwenu, lakini vipimo vya sauti afanye kwa kipulizio kilichokuja na ala, kisha aulize kama dukani kuna kingine cha shina hilohilo.

FundiPistoni
Hapo kwenye vipimo sina la kuongeza. Safari: kwenye basi msiiweke kwenye buti bila sanduku gumu. Mdomo wa ala ukigonga, mrija mkubwa wa chini hubonyea na slaidi kuu hupinda. Nguo zijazwe kuzunguka valvu, kipulizio kikae mfukoni mwa mjumbe, kisiachwe kwenye tundu lake.