MREJESHO: Dengu baada ya mpunga kwenye majaruba

Wakuu, nilipouliza nipande nini kwenye majaruba (vishamba vya mpunga vilivyozungushiwa matuta ya kuzuia maji) baada ya kuvuna mpunga, huku Shinyanga, wengi mlisema dengu. Nimezipanda, na nawashukuru sana.

Mliosisitiza nisichelewe mlikuwa sahihi kabisa. Ardhi yetu ni mbuga, udongo mweusi unaoshika unyevu muda mrefu mvua zikishakata, na dengu hukua kwa unyevu huohuo. Nilifungua matuta mapema maji yatoke, nikavuna, nikalima na kupanda kabla udongo haujapasuka. Jaruba la chini lilibaki na maji, na huko dengu zilikufa zikiwa changa. Mizizi yake haivumilii kabisa maji yaliyotuama.

Funza wa vitumba, wale wanaotoboa maganda ya dengu, walikuja, nikawawahi.

Pesa ya dengu ndiyo imelipia trekta msimu huu. Mpunga uliofuata umestawi vizuri, na najua mizizi ya dengu hunasa naitrojeni ya hewani inayorutubisha udongo, lakini mvua nazo zimekuwa nzuri. Nangoja nilinganishe mavuno na jaruba nililoliacha tupu.

Aliyewahi kupanda choroko kwenye mbuga, naomba uzoefu wake.