Yule jamaa kavua mkanda mbele ya altare ya kanisa la Anglikana la Mkunazini, Zanzibar!!

Pweza Mkavu:
Jina sitaji, mnamjua. Papasi, yaani muongoza wageni asiye na leseni, wa malapa ya kijani, miwani ya jua mpaka ndani ya kanisa. Leo kavuka mpaka.

KAVUA MKANDA. Mkanda wa suruali! Kasimama juu ya kile kiduara cha marumaru nyeupe mbele ya altare, pale panaposemwa palikuwa na mti wa kuchapia watumwa enzi za soko la watumwa, anachapa hewa ili wageni wapige video. Mkono mmoja unachapa, mwengine umeshika suruali isishuke. Mimi mwenye leseni nikamwambia aache, kajibu kwa sauti ambayo hata waliosali ibada ya kwanza pale Krismasi ya 1877 wameisikia: "Wewe na leseni yako nendeni mkakae kwenye feni!"

Feni! Mbele ya wageni!

Kabla ya mkanda alishamwaga uongo wa kujaza jahazi. Eti Livingstone, yule mmisionari mpelelezi, kazikwa pale. Livingstone yuko Westminster Abbey, London. Moyo wake ndio uliozikwa chini ya mti kule Chitambo, Zambia ya leo, na ule msalaba karibu na altare umechongwa kwa mbao za mti huo. Aliyelala nyuma ya altare ni Askofu Steere, msimamizi wa ujenzi. Eti nguzo za mlangoni ziko juu chini kuonyesha dunia ilivyopinduka. Dunia gani? Inavyosimuliwa, Steere alisafiri, mafundi wakazisimamisha miguu juu, karudi kaziacha hivyohivyo. Basi.

Na mpangilio wenyewe kaugeuza. Pale unaanza na maonyesho ya biashara ya utumwa, mgeni asome. Kisha vyumba vya chini, vinavyosemwa vilifungiwa watumwa: mrefu ainame toka ngazini na asiinue kichwa mpaka atoke. Usiingize zaidi ya watu kumi kwa mkupuo, madirisha ni mianya tu, hewa inakuwa nzito na wa nyuma hasikii kitu. Halafu yale masanamu matano ya watumwa shimoni, kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden, 1998, na minyororo ya shingoni ni ya kweli. Kanisa liwe la mwisho, mgeni akifika kwenye kile kiduara awe anajua amesimama wapi. Yeye kaanza na kanisa kwa sababu lina kivuli, masanamu kayapita mbio, anawahi duka la viungo Darajani akachukue chake.

Mkanda, jamani. Kanisani.

Kibopa wa Tabata:
Uzi bila picha ni umbea.

Mama Viungo:
Huyu hajaumizwa na mkanda, kaumizwa na feni 😂😂

Pweza Mkavu:
Mama Viungo, au ndiyo duka lako analowahi?

Mjukuu wa Karani:
Mkuu, na wewe punguza. Hivyo vyumba unavyowainamisha watu, wapo wanahistoria wanaosema vilijengwa na wamisionari baada ya soko la watumwa kufungwa mwaka 1873. Ninyi wa leseni mbona hilo hamlitaji? Mnaishia "wanawake na watoto 75 humu" na sauti ya msibani.

Pweza Mkavu:
Wa leseni husema kwamba vyumba hivyo vina ubishi. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa Krismasi ya 1873, mwaka uleule wa kufungwa soko, hilo halina ubishi. Wala hakuna mwanahistoria anayebisha kuwa mtu KAVUA MKANDA.

Dunda wa Bagamoyo:
Mna raha nyie. Wetu huku anawaambia wageni Livingstone alilala kwenye mnara wa misheni siku tatu akila samaki. Alifika Februari 1874 akiwa maiti iliyokaushwa, kabebwa na watumishi wake, kina Chuma na Susi! Samaki alimla nani?

Kibopa wa Tabata:
Susi 😂

Zuhura Malindi:
Mie kero yangu ni kaptura. Mgeni anafikishwa mlangoni mapaja nje, papasi ndiyo anaanza kutafuta kanga ya kuazima. Weka kanga mbili kwenye mkoba, moja begani, moja kiunoni, ishakwisha. Na flashi zizimwe, zikipiga kwenye vioo vya rangi picha inatoka nyeupe tupu.

Mwana Shangani:
Afadhali Mkunazini mnaingia. Minara Miwili, lile kanisa la Katoliki la Mji Mkongwe, wageni wanaletwa mlango mkubwa, umefungwa, wanapiga picha kufuli, wanaondoka! Kanisa limejengwa miaka ya 1890, limesubiri yote hayo, mtu anashindwa kuzunguka hadi uani akaulize mlango wa nyuma?

Kibopa wa Tabata:
Hiyo minara yenyewe mimi nilikuwa naiona botini. Nikiingia vichochoroni, haipo. Nani kaihamisha?

Mwana Shangani:
Nyumba zimebanana, zinaiziba. Shika barabara ya Kenyatta, ingia kichochoro cha kanisa, usitazame juu mpaka ukuta ukome. Ukitaka picha ya minara yote miwili, ipige ukiwa baharini kabla boti haijazunguka Shangani. Toka Dar kaa upande wa kulia.

Zuhura Malindi:
Kulia wapi, huko jua lote la asubuhi linakuja usoni.

Mwana Shangani:
Panda boti ya mchana basi.

Dunda wa Bagamoyo:
Kulia ukitazama mbele au nyuma? Mara ya mwisho viti vyetu vilitazama nyuma.