Saplai ya "500W" haiingii kwenye Dell OptiPlex 3020, fundi ataka kukata nyaya

MpigaPicha_Kisauni
Salaam aleikum jamaa. Leo Jumanne, Jumamosi nina harusi ya kupiga, na kompyuta iko mezani matumbo nje.

Ni Dell OptiPlex 3020, ile ndefu ya kusimama, ex-UK, prosesa i5-4590. Kwa picha haina neno, lakini video za harusi zanitoa jasho. Naiwacha usiku, naamka alfajiri bado yasaga. Nikajinyima nikanunua kadi ya video, GTX 1660 Super, ya mkono wa pili, inisaidie kazi hiyo. Imeingia kwenye tundu lake vizuri, kumbe yataka na plagi yake ya umeme ya pini 8. Saplai ya Dell, kile kisanduku cha kugawa umeme ndani, ya wati 290, plagi hiyo haina kabisa.

Nikashuka mjini. Muuzaji hakuniuliza kompyuta gani, akanitolea saplai mpya, 500W kwa herufi nyekundu ubavuni, shilingi 1,800. Nyepesi, naibeba kwa vidole viwili. Kufika nyumbani, waya wake mkubwa una pini 24 na motabodi, ile bodi kuu, ina tundu la pini 8. Nimeigeuza kila upande, wapi!

Fundi wa mtaani asema nimpe 700 akate nyaya za saplai kongwe aziunge na za mpya, "rangi kwa rangi". Moyo wangu wakataa. Mwasemaje?

FundiKibokoni
Aleikum salaam. Moyo wako una akili kumshinda huyo fundi. Mkasi usiguse kitu.

Dell za umri huo zina mpango wao. Saplai inaleta volti 12, na zile ndogo, 5 na 3.3, motabodi inajitengenezea yenyewe. Ndiyo maana ukichungulia utaona waya wa umeme wa diski unatoka kwenye motabodi, si kwenye saplai. Saplai ya kawaida yaleta zote tatu kwa nyaya zake, ndiyo hizo pini 24. Sasa mtu akiunga kwa rangi bila kujua kila tundu lataka nini, atapeleka volti pasipo pake, na motabodi ukaage buriani.

Dawa ni adapta, kijiwaya kifupi cha pini 24 kwenda pini 8. Mtajie muuzaji "ya Dell" na namba 3020, usiseme "ya kompyuta" tu. HP EliteDesk 800 G1, ya wakati huo huo, yatumia pini 6. Na OptiPlex 7010 ya kusimama, iliyotangulia yako, inakula pini 24 moja kwa moja bila adapta. Kwa hiyo hata Dell kwa Dell usikisie.

Lakini mimi hiyo saplai ya vidole viwili yanitia wasiwasi kuliko plagi. Iwache herufi nyekundu. Kwenye kibandiko kuna jedwali, tafuta safu ya +12V, uniambie ampia ngapi.

BintiLikoni
Kaka, kabla ya yote tazama nyuma ya hiyo saplai, karibu na tundu la waya wa ukutani. Hizi za bei rahisi nyingi zina swichi nyekundu ya 115 na 230. Umeme wetu Kenya ni 240, iwe kwenye 230! Mwanangu aliichezea akidhani ni ya kuwashia. Mlio wake jirani alitoka nje.

MpigaPicha_Kisauni
Dada Likoni, iko 230, shukran. Fundi, kibandiko chasema +12V 16A.

FundiKibokoni
Nilijua. Ampia mara volti ndiyo wati: 16 mara 12 ni wati 192. Zile 500 sijui wamezihesabia wapi. Prosesa yako yahesabiwa wati 84 na kadi 125, hizo ni 209, bado diski na feni hazijala. Utaiwasha, itafungua mafaili vizuri, ucheke. Ukianza kutoa video, kompyuta yazima pu, na huenda ikazima moja kwa moja.

Rudisha. Tafuta 450W ya kweli, ambayo Nvidia wenyewe ndiyo wanayoshauri kwa kadi hiyo. Kwenye +12V uone ampia 30 na zaidi. Iwe na plagi ya pini 6+2, yaani ile 8 ya kadi, inayotoka ndani ya saplai. Usikubali kuuziwa kigeuzi cha kutoa umeme kwenye plagi ya SATA, ile ya diski: plagi ile kwenye volti 12 imepimiwa ampia 4.5, yaani wati 54. Nimeshaletewa moja imeyeyuka, imeshikana na diski kama halua.

MzeeWaTudor
Mimi ningefupisha njia. Uza hiyo kadi, uchukue GTX 1650 isiyo na plagi ya umeme. Yala wati 75 kutoka tundu lake la motabodi, na saplai yako ya 290 yatosha. Nguvu itapungua, ila hufungui tena.

FundiKibokoni
Mzee, neno lako ni kweli, lakini Jumamosi yaja na kadi ya mkononi haipati mnunuzi kwa siku tatu.

MpigaPicha_Kisauni
Nimerudi mjini. Muuzaji alinuna, nikamwonyesha hesabu ya 16 mara 12 kwenye simu, akanyamaza. Nimeongeza 3,200, nimepewa ya 450W, +12V 36A, plagi ya 6+2 ipo. Nzito kama tofali. Adapta ya 3020 hana, asema Ijumaa, na Ijumaa mimi niko kwa bibi harusi na kamera. Kuna mtu upande huu wa Nyali au Kongowea anayo leo?

FundiKibokoni
Ninayo moja dukani. Njoo baada ya Asri, na uje na kompyuta yenyewe, si picha yake.